Mfagiaji wa Chiriku

Kule hospitalini walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa mwandishi wa programu, tena hodari. Ndiye aliyeandika ile iliyopeleka majibu ya maabara moja kwa moja kwenye kompyuta za wodini, wauguzi wakaacha kukimbizana na karatasi koridoni. Walimpenda kwa hilo, naye akajipenda zaidi kidogo.

Mwenzake ofisini alikuwa Mzee Mitambo, mtunzaji wa seva, mtu wa maneno machache na sweta la kijivu lisilomtoka mwilini, maana chumba cha seva kilikuwa baridi kama jokofu. Programu ya Chiriku ilikuwa na ugonjwa wa kuganda. Asubuhi inakimbia, alasiri inagoma, simu za hasira zinalia kutoka wodini. Mzee anaizima, anaiwasha, maisha yanaendelea.

"Binti yangu," alimwambia siku moja, "programu yako inafungua miunganisho kwenye hifadhidata, lile ghala la majibu, lakini haiifungi. Nafasi zikijaa kule, haingii mtu."

Chiriku akacheka. "Mzee, hayo ya zamani. Lugha ya kompyuta ninayoandikia ina mfagiaji wake. Nikishamaliza na kitu, kinafagiliwa chenyewe."

"Kinafagiliwa lini?"

"Kikifagiliwa kimefagiliwa! Mashine zako ndizo zimechoka, mzee wangu, kama mwenyewe."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Mzee naye akatabasamu, akarudi kwenye seva zake.

Mzaha nao una miguu. Mkuu wa idara aliusikia, akamwita Chiriku, akamuuliza kwa dhati tatizo ni nini hasa. Angeweza kusema, "Ngoja nichunguze." Hakusema. Alisema mashine ni kuukuu na mtunzaji wake ameachwa na wakati, kisha akaenda zake kula.

Haukupita muda, Mzee Mitambo akaachishwa kazi. Alitoka na sweta begani, kikombe mkononi. "Kwaheri, mwanangu," alimwambia Chiriku mlangoni. "Kazi njema." Hakukuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye.

Zikaletwa seva mpya, zenye kumbukumbu kubwa mara nyingi kuliko za zamani. Mkuu akapiga makofi. Programu ikaganda hata chai ya asubuhi haijanywewa.

Wakaiwasha upya, ikaganda tena. Wauguzi wakarudia mbio zao za karatasi. Mama mmoja mjamzito alisubiri majibu ya damu mpaka akalia pale kwenye benchi, na muuguzi wake akapanda hadi ofisini, akaiweka fomu ya yule mama mbele ya Chiriku. Ndipo Chiriku alipoketi kusoma alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Akaona. Mfagiaji alifagia kumbukumbu tu, na alishika ufagio pale tu kumbukumbu ilipobana. Habari za nafasi zilizoshikiliwa kwenye hifadhidata hazikumhusu. Katika seva za zamani, kumbukumbu ikiwa finyu, alifagia kila mara, na miunganisho iliyosahauliwa ikazolewa pamoja na takataka nyingine, ikaachiwa kwa bahati tu. Katika seva mpya, pana kama uwanja, akalala usingizi wa pono, na miunganisho ikarundikana mpaka hifadhidata ikafunga milango. Zile mashine alizoziita chovu ndizo zilizokuwa zikimsitiri.

Kutengeneza kulikuwa kwepesi kiasi cha kutia haya. Kila palipofunguliwa muunganisho, aliandika ufungwe kazi ikiisha, iwe imefaulu au imeharibika. Programu haikuganda tena.

Akaenda kwa mkuu, akaeleza yote.

"Yaliyopita si ndwele," alisema mkuu. "Si inafanya kazi sasa?"

"Inafanya, bosi. Lakini mzee..."

"Nafasi yake imeshapata mtu."

Basi akamfuata mzee nyumbani. Mkewe alimkaribisha ndani kwa adabu, uso mkavu. Mzee alikuwa sebuleni, redio imefumuliwa mezani, bisibisi mkononi. Chiriku aliketi mkabala naye.

"Mzee," alisema, "nilikusingizia."

"Najua, mwanangu." Mzee alipuliza vumbi ndani ya redio. "Nilitamani tu ungejua mapema kidogo."

"Ulibaki mwaka mmoja astaafu kwa heshima," sauti ya mkewe ilitoka jikoni. "Mmoja tu. Wenzake wangemuaga."

"Mke wangu, huyu ni mgeni."

"Nimemkaribisha, au sikumkaribisha?"

Chiriku aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Mzee hakumwambia anyamaze. Alimsogezea tochi, akamwomba ammulikie ndani ya redio, naye Chiriku akaishika kwa mikono miwili.

Mpaka leo huenda kule Jumapili moja moja. Mzee humpokea, wakaongea habari za mashine. Mkewe humletea Chiriku chai, huiweka mezani taratibu, na kurudi jikoni.