Mawe ya Kaburi la Riziki

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, nikiwa bado kijana. Nilikuwa makaburini, kule mlimani juu ya mtaa wetu hapa Kalemie, ninajenga ukuta. Mke wangu Riziki alikuwa amefariki kwa homa miezi michache nyuma, na korongo lililokuwa likiukata mlima kila mvua lilikuwa limefika karibu na kaburi lake. Kila nikifumba macho nililiona likimchukua mara ya pili. Mimi ni mwashi. Shule niliiacha mapema, lakini mawe nayajua. Nikasema moyoni: wengine wahangaike na mlima wao, mimi nitamlinda wangu.

Likapita kundi la watu wa mtaa, wanawake kwa wanaume, na majembe begani na mafungu ya matete kichwani. Walikuwa wakielekea kule juu, pale maji yanapoanza kuingia korongoni, kupanda matete na mianzi ili mizizi ishike udongo. Walifanya hivyo kila Jumamosi. Aliyewaongoza ni Mama Feza, mjane, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale sokoni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumfikia mvuvi aliye mbali ziwani.

"Ilunga," akaniita, "kuya utusaidie. Mwashi tunamukosa."

"Kule wanagawaka nini, Mama?"

Sikuuliza kwa ubaya. Wakati ule, kama ilivyo leo, kikundi kikianzishwa watu walidhani kuna mradi nyuma yake, na penye mradi hapakosi sabuni au fulana.

"Matope!" akajibu mwanaume mmoja kutoka nyuma. "Tena haupange mustari!"

Wakacheka. Mimi nikakasirika.

"Basi muende. Mimi niko na kaburi langu."

Mama Feza hakucheka. Aliutazama ukuta wangu, kisha akatazama kaburi lililokuwa pembeni, mteremko kidogo. Hapo alilala mwanawe Amisi. Halikuwa na ukuta. Lilikuwa na msalaba wa mbao na kikombe cha marehemu kilichotobolewa tako, kama ilivyo desturi yetu. Akajitwika fungu lake vizuri, akaendelea kupanda mlima.

Mvua ilikuja katikati ya juma, ile ya upepo kutoka ziwani. Kulipokucha nilikimbia makaburini. Kaburi la Riziki lilikuwa zima, hata ua nililoliweka halikusogea. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikageuka. Maji yalikuwa yameugonga ukuta wangu, yakakosa njia, yakapinda, yakala udongo wa kaburi la Amisi hadi ubao wa sanduku ukaonekana. Mama Feza alikuwa amepiga magoti, anaufunika kwa viganja.

Nilingoja matusi. Ningeyapokea yote. Hakunitukana, wala hakuinua kichwa.

"Ilunga, wakati wa matanga ya Riziki, ulituma muntu kuniita?"

"Hapana, Mama."

"Na nilikuya. Nililala wapi?"

"Chini, pa mukeka. Mpaka matanga yakaisha."

"Nilikuuliza wanagawaka nini?"

Wewe mwenyewe unajua, mwanangu, matanga ya hapa kwetu hayana mwaliko. Ukisikia watu wanalia, unakwenda. Mwenye kuni analeta kuni, mwenye unga analeta unga, na asiye na kitu analeta mwili wake, anakaa chini na wenzake. Hata mtu mliyenuniana naye anakuja.

Mama Feza akainua mkono wenye matope, akaonyesha juu. "Kule pia kuna matanga. Mulima unakufa. Wengine walisikia, wakaenda. Weye ulisikia, ukafunga mulango."

Nikapiga magoti upande wa pili, tukajaza udongo pamoja. Tulipokaribia kumaliza nikasema, "Nitamujengea Amisi ukuta pia, Mama. Kesho."

"Na maji yaende kwa nani?" akauliza polepole. "Kwa mutoto wa nani tena?"

Waliotutangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimejenga ukuta, na ufa nimeuacha wazi kule juu.

Jumamosi iliyofuata niliubomoa. Si jambo jepesi, mwanangu, kumvua mkeo ngao kwa mikono yako ukijua mvua haijaisha. Kila jiwe nililolitoa nilimwambia Riziki neno, kimoyomoyo. Watu wa kikundi wakajipanga njiani, mawe yakapanda kutoka mkono hadi mkono. Yule mwanaume wa matope akachukua lililo kubwa kuliko yote, akapaaza sauti: "Jamani, leo wanagawa mawe!" Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu tulipomzika. Kule juu nikayapanga kwa ngazi fupi fupi, maji yapungue kasi, nao wakapanda matete nyuma ya kila ngazi.

Sitakudanganya kwamba mvua ilituhurumia kwa kuwa tumeungana. Masika yale yale maji yalichukua msalaba wa Riziki. Niliutafuta korongoni hadi chini kabisa, sikuuona. Nililia, na nilijuta kuubomoa ukuta wangu. Lakini kaburi lilibaki, na la Amisi lilibaki. Masika ya pili korongo lilisogea kidogo tu. Baadaye likasimama. Leo mianzi ile ni mirefu kuliko nyumba, ndege wamejenga humo, na watu wa chini ya mlima wanalala mvua ikinyesha. Mama Feza alipofariki, mikeka haikutosha. Tulimzika kando ya Amisi, penye ardhi iliyotulia.

Sasa nisikilize. Ziwa limepanda, unaona mwenyewe lilivyoingia katika nyumba za ufukweni. Vijana wa rika lako wanaondoa plastiki kwenye mitaro na kupanda matete kando ya maji. Juzi mmoja wao alikuita ukiwa mlangoni, nawe ukamuuliza, "Wanatoa nini kule?" Nilicheka kidogo, kisha nikaingia ndani kuandika haya.

Nenda, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ukuta wa mtu mmoja hauzuii maji, unayatuma kwa jirani. Kabla ya kulinda mlango wako, panda kwanza uone maji yanatoka wapi. Huko kikundini utakuta watu, na watu wana kasoro. Mmoja atakuja kupigwa picha. Mwingine atataka kuitwa rais wa kikundi kabla hajashika jembe. Usitoke kwa ajili yao. Hata matangani wapo wanaokuja kula, na marehemu anazikwa vilevile. Wewe shika jembe, uliza penye kazi, na ukishindwa kufika mtumie mwenzako neno asikungoje bure. Na kama una huzuni, usingoje iishe ndipo uende. Nenda nayo. Ya kwangu haijaisha hadi leo, ila ilipata pa kwenda kila Jumamosi.

Mungu akupe mvua inayolisha bila kubomoa. Akupe majirani wasiongoja kuitwa, nawe usingoje kuitwa kwao. Na siku yako ikifika, baada ya miaka mingi, ulale katika udongo ulioshikwa na mizizi uliyoipanda pamoja na wenzako.