Kamera ya Watu Ishirini

Ndugu zangu, kabla hamjanicheka naomba mjue kwamba mimi nina cheti cha kidato cha nne, nilichokitafuta shule ya jioni nikiwa tayari na mke na kitambi, kwa hiyo ujinga ninaousimulia hapa si wa mtu asiyesoma, ni ujinga uliosomewa. Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba ile namba ya megapikseli iliyoandikwa usoni mwa kamera ni idadi ya watu wanaoenea kwenye picha moja. Kamera ya nane, watu wanane. Ya kumi na mbili, watu kumi na wawili. Ukimwongeza mmoja tu, kamera inamkata.

Aliyenifundisha ni Msafiri, tuliyekaa naye dawati moja shule ya jioni. Siku moja umeme umekatika, mwalimu anatafuta mshumaa, Msafiri akanimulikia kwa simu picha ya harusi ya kaka yake, na pale mwisho wa mstari msimamizi wa bwana harusi alikuwa na sikio moja, mkono mmoja na mguu mmoja. Akaninong'oneza, "Unamwona huyu? Kamera ilikuwa ya nane, wao wakajipanga tisa." Nikahesabu vichwa, na kweli vilikuwa vinane na nusu. Sasa ninyi mlitaka ushahidi gani tena?

Imani hiyo ingekaa kichwani mwangu bila kumdhuru mtu kama si Bibi. Bibi yangu, mama yake marehemu baba, anaishi Chamwino, na mwaka huu alitamka kwamba anataka picha moja, ya karatasi, ya kutundika ukutani, yenye watu wote wa tumbo lake wakiwa pamoja. Tukamwambia mbona picha zimejaa kwenye simu. Akasema, "Za simu mnazitazama ninyi wenye simu. Mimi nataka nikiamka niwaone." (Na alikuwa na haki, maana simu ya dada yangu Yudita iliyokuwa na picha zote za Krismasi ilitumbukia kwenye chungu cha mlenda, na mlenda ukishakishika kitu haukirudishi.)

Baba mdogo Yona akataka tukodi mpiga picha wa mjini. Mimi nikajipiga kifua mbele ya ukoo mzima, nikasema kazi hiyo niachieni, nanunua kamera yangu mwenyewe.

"Wewe?" akasema baba mdogo. "Wewe uliyetupiga picha za msiba zikatoka vidole vitupu?"

"Vilikuwa vidole viwili tu, baba."

"Haya. Jumapili tutakuona."

Hapo nikaapa kwamba Jumapili Bibi atapata picha yake, liwalo na liwe. Nikapiga hesabu: watu wazima kumi na sita, watoto wanane. Watoto nikawahesabu nusu nusu kama wanavyofanya makondakta, wanaonyonya nikawaweka kwenye fungu la mizigo ya mkononi, na mimi mpiga picha sihesabiki. Jumla ishirini kamili. Kwa hiyo nilihitaji kamera ya ishirini, si pungufu.

Jumamosi asubuhi nikatoka nyumbani Makole kwenda mjini, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniponza. Mimi ni mhudumu wa masijala katika wizara moja kule Mtumba, kazi yangu ni kubeba mafaili kutoka mlango huu kwenda mlango ule, lakini kitambulisho changu kina utepe mpana wa bluu unaong'aa kuliko wa mkurugenzi. Jumamosi si siku ya kazi. Mke wangu akaniuliza, "Hiyo kamba ya nini leo?" Nikamwambia mwenye duka akimwona mtu wa serikali hampunji. Nikakivaa shingoni, nikaondoka.

Duka lenyewe liko nyuma ya soko, la mama mmoja mpole anaitwa Mama Salha, anayeuza kamera ndogo zilizokwisha kutumika. Akaniwekea mbili juu ya kioo, moja nyeusi, nyingine ya rangi ya fedha. Mimi nikavaa miwani (ya kusomea, lakini inatisha wauzaji) nikaanza kuzilinganisha. Nikazipima uzito mkononi kama mtu anayechagua embe. Nikazitikisa sikioni. Nikazinusa.

"Hii nyeusi," akasema Mama Salha, "lenzi yake safi, betri inakaa na chaji, na inavuta vitu vya mbali vizuri. Hii ya fedha ni nzuri pia, ila mlango wa betri umelegea, ndiyo maana nimeufunga na mpira."

"Na namba zake?"

"Nyeusi kumi na mbili, ya fedha ishirini."

Moyo ukaruka. Ishirini!

"Lakini kaka," akaendelea, "ingekuwa mimi ningechukua nyeusi. Namba siyo kila kitu."

"Kwa mwenye familia ndogo," nikamjibu, nikatabasamu kama mtu aliyemshika muuzaji uongo. Akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. (Leo najua alichotaka kusema. Siku ile nilijua tu kwamba mama huyu ana ukoo mkubwa, na ile ya ishirini anaifichia nduguze.)

Nikamwambia mimi sinunui kwa maneno, nataka nizijaribu kwa watu. Akasema, "Jaribu, lakini usivuke mtaro na kamera zangu." Basi nikasimama barazani, visigino vikiwa ukingoni mwa mtaro, na mbele yangu, kwa bahati mbaya ambayo hata adui hakuombei, kulikuwa na ukuta wa duka la jirani uliopakwa rangi ya bluu, bluu ileile ya picha za paspoti.

Nikaita watu kumi na wawili: wabeba mizigo, mama wa vitumbua, mzee aliyekuwa anasubiri kiatu chake kishonwe. Watu wa Dodoma wana moyo mzuri, walikuja. Nikawabana begani kwa bega, nikapiga na ile nyeusi, wakaenea wote kumi na wawili hadi masikio yao. Nadharia ya Msafiri ikasimama wima kama nguzo ya umeme!

Nikashika ya fedha, nikapaza sauti ya masijala: "Sasa nataka ishirini! Ishirini tu, wasizidi!"

Nilikuwa nimesahau naishi mji gani. Dodoma ukipiga kelele za moto watu watageuza shingo taratibu waone unaungua upande gani, lakini waone mtu mwenye kitambulisho cha Mtumba, anapiga watu picha kwenye ukuta wa bluu, anasema nafasi ni ishirini tu, hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi. Nilimsikia dereva mmoja wa bodaboda akiuliza, "Wanaandikisha nini hapo?" Mama wa vitumbua, ambaye dakika tano nyuma alijua hajui, akamjibu kwa uhakika wa waziri: "Viwanja. Vimebaki ishirini."

Ndugu zangu, sijui wale watu walitoka wapi. Naona hata waliokuwa wamelala Singida waliamka. Watu walikuja na vitambulisho vya taifa, na vyeti vya kuzaliwa, na mmoja alikuja na povu la sabuni shavuni kutoka kwa kinyozi, nusu ya ndevu ipo nusu haipo. Mama wa vitumbua akajiteua msimamizi wa foleni, anapiga watu vibao vya mgongo, "Wewe shati jekundu, rudi nyuma, hapa si kwenu!" Na mimi nilikuwa nafurahi! Nilikuwa nasema moyoni, tazama jinsi wananchi wanavyopenda teknolojia.

Bwana mmoja akanisogelea akanishika kiwiko. "Bosi, nifikirie. Nina watoto sita."

"Watoto nahesabu nusu," nikamjibu, macho kwenye kamera.

Akageuka akamwita mkewe kwa sauti ya kuvuka barabara: "Mama Joni! Walete watoto! Kila mmoja anapata nusu kiwanja!"

Hapo ndipo lilipopasuka. Watu wakasukumana, mimi nikateleza mtaroni, meza ya vitumbua ikaanguka, na katikati ya vurugu nikasikia sauti ninayoifahamu tangu nachunga mbuzi: "Nipisheni! Nipisheni, huyo ni damu yangu!" Baba mdogo Yona. Alikuwa mjini kununua mchele wa Jumapili, akasikia viwanja, na yeye ni mtu aliyekosa kiwanja kila mgao tangu mji huu uanze kupimwa. Akaja hadi mbele, gunia begani, kitambulisho mkononi, akanikumbatia kwa machozi.

"Kumbe ni wewe unayegawa! Na ulikaa kimya!" Akawageukia watu. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu! Amesoma huyu! Usiku amesoma!"

Jamani. Maisha yangu yote nilisubiri mzee huyo anisifu hadharani, na siku aliponisifu ilikuwa kwa kazi isiyokuwepo.

"Baba," nikamwambia taratibu, "shikamoo. Hakuna viwanja. Najaribu kamera."

Akaniachia. Papo hapo mtendaji wa mtaa akafika na mgambo wawili, anataka kumjua aliyetoa kibali cha kuandikisha wananchi. Nikapandishwa juu ya kreti la soda niseme kwa kinywa changu. Nikasema, "Ndugu wananchi, mbukwenyi," (salamu yetu ya Kigogo; watu wakaitikia kwa matumaini, maskini) "hapa hakuna kiwanja. Nilikuwa napima kamera kama inatosha."

Yule wa nusu ndevu akauliza, "Inatosha nini?"

Vicheko vilianza nyuma, vikaja mbele kama mvua ya masika inavyokuja na upepo wake, mwishowe hata mgambo mmoja akaegemea ukuta wa bluu anajifuta machozi. Mama wa vitumbua peke yake hakucheka, nikamlipa vitumbua vyake vyote, pamoja na vile vilivyokanyagwa.

Baba mdogo akajitwika gunia lake. "Jumapili nitakuja kwa heshima ya mama yangu," akasema. "Nitakaa mwisho kabisa wa mstari. Nikikatwa, nitajua ulinikusudia."

Mtu mwingine angerudi nyumbani akajifungia. Mimi nilirudi kwa Mama Salha, matope hadi magotini, nikanunua ya ishirini. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mama, baada ya yote haya, nikichukua nyeusi nitakuwa nimeaibika bure.

Jumapili Chamwino ukoo ulijaa uani, upepo unapeperusha vitenge, mabenchi yamepangwa. Bibi katikati kwenye kigoda chake, amevaa kitenge kipya ambacho alikataa lebo yake itolewe. Baba mdogo Yona mwisho wa mstari, mikono kifuani. Ishirini kamili kwa hesabu yangu. Nikanyanyua kamera, na hapohapo lango likafunguliwa, akaingia shemeji, mume wa Yudita, tuliyeambiwa yuko Kondoa kwenye mnada wa ng'ombe. Amebeba jogoo wawili, anacheka, ameacha biashara yake aje apigwe picha. Akakaa kando ya mkewe. Mstari ukasogea.

Nikatazama kwenye kioo cha kamera. Baba mdogo Yona alikuwa na sikio moja, mkono mmoja na mguu mmoja.

"Nimekatwa?" akauliza. "Uso wako unasema nimekatwa."

"Si mimi, baba! Ni kamera, imejaa!" Na kwa kuwa nilikuwa nimeapa Bibi atapata picha, nikamgeukia shemeji, nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka usingizi unakimbia: "Shemeji, samahani, naomba utushikie mbuzi pale kwenye zizi kidogo."

Kwetu mkwe hatumwi hata maji. Shemeji alisimama, akaokota jogoo wake. Yudita akasimama. "Mume wangu ndiye wa ziada? Akitoka yeye, natoka mimi na wanangu." Mama akasimama kumbembeleza Yudita, mke wangu akasimama kwa aibu, baba mdogo akasema ingekuwa heri angekodiwa mtu wa mjini, na mbele ya macho yangu picha ya Bibi ikaanza kumeguka kama kitumbua.

Picha hiyo leo ipo ukutani kwake, watu wote wameenea, shemeji na jogoo wake, baba mdogo na masikio yote mawili. Mimi siku hizi sivai kitambulisho Jumamosi, na nimeapa kwamba jambo nisilolijua nitauliza, hata kama nina cheti. Lakini picha hiyo haikupatikana kwa akili yangu. Bibi aliinua mkono, wakanyamaza wote, akaniambia nieleze tatizo. Nikaeleza lote, namba, Msafiri, nusu za watoto, viwanja. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaacha Kigogo chake, akasema kwa Kiswahili, ili shemeji naye aelewe:

"Elia. Hapo nyuma yako kuna nini?"

Nikageuka. Ulikuwa uwanja mtupu hadi kwenye boma la miiba.

"Hakuna kitu, Bibi."

"Basi rudi nyuma."