Pasta Aliyelala Kabla ya Amina

Niliondoka kwetu Kwanza, kaskazini mwa Kitale, kwa sababu nilipitiwa na usingizi katikati ya maombi. Nilikuwa mbele ya kanisa nikiombea mvua, na washirika, nao macho wameyafumba, wakangoja amina mpaka wakasikia nakoroma. Wazee wa kanisa wakakaa kikao: nitibiwe, au nimwachie mwingine mimbari. Katibu wao, Mzee Wafula, akapewa kazi ya kunipeleka Bungoma kwa pikapu yake na kuleta ripoti.

Saa mbili asubuhi tulipita Kitale. Kufika Kamukuywa nilikuwa nimelala mara tatu.

Bungoma, saa tano. Kliniki ya usingizi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na aliyekuwamo ni Nekesa, klinikal ofisa, yaani mtabibu aliye chini ya daktari. Nikamwambia kwa heshima kwamba nimetoka mbali na nataka daktari kamili. Akasema daktari huja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine wagonjwa ni wake, na majibu ya vipimo humtumia daktari kwa simu. Nikaanza kumfafanulia tofauti ya mchungaji na shemasi. Nilipozinduka, alikuwa ananipima shingo kwa futi ya fundi cherehani, na Mzee Wafula ananijibia maswali ya usingizi.

Usiku nililala kwa dada yangu hapo mjini, nikiwa na kifaa kidoleni na mrija puani, alivyonipa Nekesa vya kurekodi pumzi. Asubuhi Nekesa akasoma kilichorekodiwa, akazungumza na daktari kwenye simu, kisha akanigeukia.

"Pasta, wewe si mvivu. Ukilala koo linaziba, pumzi inakatika, unashtuka bila kujua. Usiku kucha unapigania roho yako."

Akaniandikia mashine ya kunisukumia hewa puani nikilala, akanikataza kushika usukani.

Saa sita tukaanza kurudi. Karibu na Chwele Mzee Wafula akapunguza mwendo.

"Pasta, yale maswali, angeniuliza mimi, yote ningejibu ndiyo. Hata hapo kwa kona nilikuwa nimelala kidogo."

Tukaegesha kando ya shamba la miwa. Nikampigia Nekesa, naye akasema tuzime gari na mtu asiliguse. Alikuja kwa bodaboda, akashika usukani wa pikapu, akaturudisha Bungoma akimhoji mzee taratibu na kungoja kila jibu.

Jumapili iliyofuata niliwaeleza washirika nilichojifunza: usingizi unaweza kumuua mtu, na anayemwokoa si lazima awe daktari. Baada ya ibada wazee watatu walinifuata nje, kila mmoja kivyake, kuuliza Nekesa hupatikana siku gani.