Nyumba ya Kumi

Sirad hakuwa mwanamke wa kubembeleza mtu. Kule kwao Baardheere, Somalia, alikuwa na ng'ombe wake. Hapa Hagadera, kambi ya wakimbizi, aliuza chai sokoni, na mteja akileta mdomo alimpokonya kikombe hata kama hajamaliza. Lakini kwa ajili ya Ikran angembembeleza hata punda.

Ikran alikuwa bintiye wa pekee, msichana mkubwa sasa, na hakuwa amesema neno tangu siku majambazi walipomkuta porini akiokota kuni. Sirad alimpeleka kwa sheikh, akasomewa. Akampeleka zahanati, akapewa panadol. Panadol, jamani! Msichana akawa anajikunja pembeni macho wazi, na mama yake analala nusu nusu akisikiliza kama bado anapumua.

Ndipo wakaja watafiti: mwalimu mmoja mwanamke wa chuo kikuu, kutoka Nairobi, na mkalimani wake Abdikafi, kijana wa mtaa wa Iftin, Garissa. Walitaka kujua vita na ukimbizi vimewafanya nini watu akilini. Wangehoji kila nyumba ya kumi, kuanzia bombani, na hiyo moja ingesema kwa niaba ya zote kumi.

Sirad akahesabu. Yake ilikuwa ya kumi na moja. Lahaula!

Akamfuata Abdikafi. "Mwanangu, njoo umwandike binti yangu. Mgonjwa huyu hapa, mnamtafuta nani tena?"

"Eeddo," Abdikafi akajibu, akimwita shangazi kwa heshima, "tukichukua wagonjwa tunaowajua, itaonekana kambi nzima ni wagonjwa. Sisi hatuchagui. Inaangukia itakapoangukia."

Kwa Sirad hayo yalikuwa maneno ya watu walioshiba. Unatafuta maumivu, halafu unayaona na kuyaruka? Lakini hakubishana. Nyumba ya miti, magunia na kamba haimshindi mwanamke wa kifugaji. Kuvunja na kusimamisha ndiyo kazi aliyolelewa nayo. Asubuhi yeye na jirani yake Lul, mwenye nyumba ya kumi, waliing'oa ya Sirad, wakaibeba na kuisimamisha upande wa pili wa nyumba ya Lul, ule wa bombani, ili sasa yake iwe ya kumi. Lul hakudai chochote. Yeye pia alikuwa akimsikia Ikran asivyosema.

Kesho yake watafiti wakahesabu, wakasimama mlangoni pa Sirad. Moyo ulimruka kwa furaha. Akawatandikia mkeka, akamshika Ikran mkono na kumketisha mbele yao.

"Watu wazima humu ni wangapi?"

"Wawili. Lakini mgonjwa ni huyu."

Mwalimu akaandika 'mama' na 'binti' kwenye vikaratasi viwili, akavikunja, akavitia kikombeni, akachomoa kimoja. Kiliandikwa 'mama'.

"Mimi wa nini?"

"Ndivyo kura ilivyoanguka, eeddo. Aliyeangukiwa ndiye anayehojiwa."

Sirad akapiga hesabu yake. Hawa wanatafuta mgonjwa. Wakimwona yeye ni mzima, watamwacha na kumgeukia Ikran. Basi akajikaza kisabuni. Unalala vizuri? "Nalala fofofo." Unaota ndoto mbaya? "Hata moja." Unaogopa kutoka nje? "Mimi? Thubutu!" Alidanganya hivyo mpaka swali la mwisho, uso mkavu, mwanamke ambaye hata kuni sasa alinunua kwa kuogopa kutia mguu porini.

"Haya, zamu yake," akasema, akimsogeza Ikran.

Abdikafi alikuwa ameshasimama. "Tumemaliza, eeddo. Hakuna zamu nyingine. Nyumba hii ni nzima, alhamdulillahi."

"Na daktari?"

"Hakuna daktari. Tunataka tu kujua walioumia ni wangapi."

Hapo Sirad akapiga kelele. Amedanganya, wallahi hapati usingizi, waandike upya! Mwalimu alimtazama kwa huruma, akasema jambo kwa sauti ya chini, na Abdikafi akalitafsiri bila kuinua macho: wakibadilisha jibu la mmoja, itabidi wabadilishe ya wote. Wakaaga, wakaendelea kuhesabu kuelekea nyumba ya ishirini.

Lul akachungulia. "Vipi, wamemchukua?"

"Wametuchukua sote," Sirad akasema. "Mimi, na huyu, na watu wote mpaka bombani. Wameandika kwamba sote ni wazima."

Ikran alikuwa angali ameketi pale pale alipowekwa, mbele ya mkeka mtupu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hata jina.