Mwaka Bahari Ilipokataa Kupoa

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kabla ya upepo na kabla ya mengine yote: nimechutama ufukweni alfajiri, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, na bahari ina joto kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilidhani bahari ndivyo ilivyo, maana sikuwahi kuigusa kabla ya siku ile.

Mama na mimi tulikuwa tumetembea kutoka upande wa Kwamsisi, tukalala njiani kwa shangazi, kwenda kubadilisha mahindi kwa chumvi. Pale pwani alikuwapo mama mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kuchota maji ya bahari na kuyachemsha kwenye vyungu mpaka yabaki chumvi tupu. Mama alimwamkia, akamuuliza habari za kazi.

"Kazi mwaka huu nyepesi mno, mwanangu," alisema. "Maji yanafika jikoni yameshapata moto. Wiki ya tatu hii hayapoi, hata alfajiri. Niliyaona hivi mara moja tu, nikiwa mwali, na upepo uliokuja nyuma yake uling'oa minazi. Mkifika kwenu fungeni mapaa."

Siku hizi wataalamu wanasema redioni kwamba bahari ikizidi joto, vimbunga vyake huzidi nguvu. Wanaeleza vizuri, nami huwasikiliza huku nikichambua mchicha. Ila roho huniuma kidogo wakilisema kana kwamba wamelivumbua wao, wakati mimi nililisikia kwa mwanamke ambaye vidole vyake vilichubuliwa na chumvi.

Njia ya kurudi naikumbuka kama ndoto ya mchana. Nyasi zilisimama bila kutikisika, mbuzi walilala katikati ya njia na hawakujali kutupisha. Mama alitembea mbele, mzigo kichwani. Kisha akasema neno moja tu: "Bibi."

Bibi, mama yake baba, alikuwa hawezi kutembea. Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa tulimbeba juu ya kitanda chake, naye njia nzima aliangalia mawingu. Kule mahame, ndivyo tulivyoita makazi ya zamani, kila mtu alikuwa na nyumba ya msonge, ya mviringo, nyasi zake zimeshuka karibu na ardhi. Huku kijijini tulijenga za mgongo wa tembo, ndefu, zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mstari ule aliunyoosha mwenyewe kwa kamba ndefu ya katani ambayo mjomba alimletea kutoka Korogwe. Aliupenda mstari ule kuliko chakula. Na kwa kuwa alitakiwa kuhakikisha hakuna anayerudi nyuma, alizibomoa nyumba za mahame kwa shoka lake, moja baada ya nyingine. Jirani yetu mjane alimwomba siku moja tu, atoe mitungi yake taratibu. Baba hakumpa.

"Nirudishe kwangu," Bibi alimwambia kila jioni.

"Mama, nyumba ile haipo tena," baba alijibu, akiangalia pembeni.

Tulipofika, mama alimweleza baba habari ya maji ya moto kabla hata hajaketi. Fito hazijakandikwa, alisema, na mapaa yamekaa tu juu kama kofia. Yafungwe. Baba alicheka. "Mke wangu, bahari iko huko, sisi tuko huku. Wakubwa wanakuja kukagua. Nyumba zikaguliwe zimefungwa kamba kama mizigo ya punda?"

Mama alinuna. Tena alikuwa na la kwake la siku nyingi: baadhi ya alasiri baba alitoweka, akarudi shati linanuka moshi. Mama aliamini kuna mwanamke anampikia mahali. Mimi pia niliamini, na nilimchukia mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona.

Siku tano zilipita namna hiyo. Jua lilikuwa na rangi ya manjano ya kupikia, kuku walipanda juu ya uchanja mchana kweupe, na sisi watoto tulisinzia tukiwa tumesimama. Siku ya sita, baada ya swala ya adhuhuri, upepo ulitoka upande wa pwani. Haukuanza kidogo. Paa la nyumba ya kwanza liliinuka zima, likakaa hewani kitambo, tukalitazama. Nilidhani litarudi. La pili likafuata, kwa kuwa baba alikuwa amezipanga kwenye mstari.

La kwetu lilipoanza kulia, mama alijilaza juu ya Bibi kumkinga. "Tumpeleke wapi?" alipiga kelele. "Niambie, tumpeleke wapi?"

Baba alisimama mlangoni. Nilimwona anatafuna midomo. Kisha akaingia, akambeba Bibi mgongoni kwa kanga kama mtoto, akaikamata ile kamba ya katani, akatuambia tuishike. "Kwa mama," alisema.

"Kwa mama wapi? Si ulibomoa?"

Alitangulia nje. Tulikwenda tumeshika kamba, na majirani waliotuona wakaishika nyuma yetu, mvua inatupiga ubavuni. Kule mahame visiki vya nguzo vilikuwa vimejaa majani. Katikati yake ilisimama nyumba ya Bibi, nzima, uwanja umefagiwa.

Tuliingia tukabanana, labda watu thelathini. Upepo ulipita juu ya nyumba ile ya mviringo bila kupata pa kushika. Ndani mlikuwa mkavu, na kwenye mafiga mlikuwa na majivu mapya. Kwetu kila mtu anajua: nyumba ya nyasi isiyowashwa moto huliwa na wadudu, paa likaanguka. Mama aliyatazama majivu, akamtazama baba, akafunika uso kwa upande wa kanga. Sijui kama alicheka au alilia.

"Nilijua," Bibi alisema akipapasa nguzo yake. "Shati lake lilikuwa linanuka moshi wa kwangu."

Baba alibaki nje, chini ya nyasi za paa, analowa. Yule mjane alikuwa ameketi karibu na mlango, na alikuwa akilitazama paa tangu tulipoingia.

"Balozi," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "yangu ilikuwa pale. Nilikuomba siku moja."

"Ndiyo, dada," baba alisema.

"Haya ingia. Utaugua."

Akaingia, akakaa pale wanapokaa wageni, magoti kifuani. Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijamaliza lolote kati ya hayo mawili.

Upepo ulipotulia kesho yake, kwetu hapakuwa na paa wala kuta. Baba alichukua shoka lilelile, akaenda kukata fito. Alijenga peke yake siku tisa, msonge, katikati ya mahame, bila kumuuliza mkubwa yeyote. Sisi tuliendelea kulala kwa Bibi. Nyumba ile mpya ilikuwa ya mjane.