Chapa Nyuma ya Stempu

Catherine alikuwa mtu wa kugeuza vitu. Nyanya sokoni aligeuza, kitenge aligeuza aone upande wa ndani, na ng'ombe, kwao kule Usangu mkoani Mbeya, hakumsifia mpaka amemzunguka na kumtazama mapaja. Ng'ombe mwenye chapa mbili ni kesi ya wizi. Mume wake, Bujiku, aliwahi kulala rumande kwa ajili ya dume wa namna hiyo.

Sasa alikuwa Kihesa, mjini Iringa, amekuja kupaona nyumbani kwa Vitus, mchumba wa binti yake Ngolo. Kijana akamfungulia albamu ya stempu za zamani alizoachiwa na marehemu baba yake, kisha yeye na Ngolo wakaenda jikoni kumsaidia shangazi Benedicta. Catherine hakuwa na haja na picha za twiga. Akageuza stempu moja. Nyuma kulikuwa na herufi mbili za penseli, na chini kabisa mhuri mdogo wa zambarau wenye jina la mtu, wala si la ukoo huu. Akageuza nyingine. Penseli nyingine, jina jingine.

Akatoka mpaka kwenye karo la kufulia, uani, akampigia mumewe.

"Baba Ngolo, huyu kijana ana mali za watu. Kila moja ina chapa ya mwenyewe."

"Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Basi rudini. Kaka zangu wako hapa, nawaambia mahari hatupokei."

Aliporudi ndani, chakula kilikuwa kinatengwa. Benedicta akaiona albamu iliyo wazi, akacheka.

"Umeona mambo ya nyuma? Marehemu kaka alituchosha nayo! Penseli ni ya mkusanyaji aliyekuwa na stempu hiyo kabla. Wakibadilishana, alama inabaki. Huu mhuri ni wa mtaalamu. Ameikagua, ameona ni halisi, ndiyo akaweka jina lake. Wengine wakikuta kasoro wanagonga juu kidogo. Huu uko chini kabisa, maana yake stempu ni nzima."

"Kwa hiyo... haijaibwa?"

"Iibwe na nani, mama? Ila wapo wanaoghushi hata mihuri yenyewe. Vitus alikuta stempu mbili za namna hiyo, akazitenga asije akamdanganya mtu."

Catherine angeweza kunyamaza, akasawazishe mambo akifika nyumbani. Lakini neno lilikwishafika kwa shemeji zake, na lingerudi Kihesa kwa mdomo wa mwingine.

Vitus akaja na jagi na beseni, Ngolo nyuma yake. Kwao Catherine, mama mkwe hasemezani na mkwewe uso kwa uso, na kijana alikwishafundishwa. Akammiminia maji huku ametazama pembeni.

"Ngolo, muulize mama kama maji hayamuunguzi."

Hapo Catherine akashindwa kujizuia.

"Ngolo, mwambie mwenzio nimemwita mwizi."

"Mama jamani! Lini?"

"Sasa hivi, kwenye karo. Nimempigia baba yako. Nilidhani zile alama ni chapa za wenyewe."

Benedicta akaweka upawa chini. "Mpigie tena. Hapa hapa, na sisi tusikie."

Catherine akapiga, akaweka sauti ya nje. Bujiku akapokea.

"Baba Ngolo, nilikosea. Zile alama ni za ukaguzi. Kijana hana kosa."

"Tangu nikuoe, hilo neno 'nilikosea' ndiyo kwanza nalisikia leo. Mimi nimeelewa, mahari ipo palepale. Lakini kaka zangu wamekwisha kumtukana mtoto wa watu hapa. Utawaambia wewe."

"Nitawaambia."

Vitus alikuwa bado ameshika jagi. "Ngolo, mwambie mama nimesikia," alisema.

Catherine akangoja aongeze neno. Kijana akaweka jagi chini, akaifunga albamu, akaipeleka chumbani.

"Kula, mama, ugali unapoa," Benedicta alisema, akimsogezea sahani bila kumtazama. "Na hao shemeji zako ukiongea nao, niwepo."