Kigari Ukingoni mwa Mfereji

Juzi binti yangu alinipigia simu kutoka mjini. Anakuja likizo na mtoto wake mchanga, akaniuliza kama huku kwetu milimani kuna njia nzuri, tambarare, ya kumsukuma mtoto kwenye kigari. Nikakata simu. Akapiga tena, nikamwambia mtandao unasumbua. Hajui alichoniuliza, maskini, na mimi sikuwa na hali ya kumweleza.

Njia nazijua. Nilizipima moja moja kwa magurudumu manne, miaka ile ya Ujamaa, nilipokuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwenye kijiji kimoja juu ya Soni.

Mtoto wangu wa kwanza, kaka yake huyo binti, alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani, zinatazamana. Hospitali ya misheni wakasema zitanyooka tukiwahi: kila Jumatatu nimpeleke, wainyooshe miguu kidogo, waifunge plasta mpya. Plasta zilipanda mpaka mapajani. "Mgongoni usimbebe," nesi akaniambia. "Ukimkaza na kanga plasta inapasuka, na mguu unarudi ulikotoka." Sasa niambie, mwanamke wa Kishambaa asiyembeba mtoto mgongoni ambebe wapi? Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge kule chini upande wa Magoma, anaonekana mwisho wa mwezi. Hospitali ni mwendo wa saa tatu. Ukimpakata na plasta zile, ukifika kilima cha pili mikono imekufa.

Sista mmoja wa Kizungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao ndiye aliyenipa kigari. Cheusi, kina kofia ya kukunja na springi chini. Nilikifikisha kijijini juu ya lori la kabichi, na watu walicheka mpaka wakakaa chini. Aliyeongoza kucheka ni mama mkwe wangu. "Looo! Mjukuu wangu anasukumwa kama gunia la viazi! Mgongo wako umemwazima nani?" Nilimweleza habari ya plasta mara tatu. Akasema amesikia, akaendelea kucheka.

Basi nikaanza kutafuta njia. Kila nikitoka shule nilitia maharage nusu debe ndani ya kigari, uzito wa mtoto, nikaenda kujaribu. Barabara kubwa ilikuwa kokoto na malori, na kwenye mteremko kigari kilinivuta kama ng'ombe aliyeona majani. Njia ya kanisani ni mawe matupu. Njia za mashambani zina matuta, unapanda ngazi unashuka ngazi, maharage yakamwagika yote nikayaokota moja moja huku wanaume waliokaa njiani wakiulizana, "Mgosi, huyu mwalimu amepata nini?" Sikuwajibu. Ningewajibu ningewatukana.

Nikaja kuiona njia iliyokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Mfereji wetu wa kumwagilia uliochimbwa na mababu unazunguka mlima pole pole, kwa sababu maji ukiyaporomosha yanabomoa. Ukingo wake ni tambarare, upana wake unatosha gurudumu na mguu wa mtu. Unapita chini ya msitu, unatokea karibu na mashamba ya chai, na kutoka pale hospitali si mbali. Nikaenda kwa mzee wa mfereji, aliyekuwa anagawa zamu za maji. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akakizunguka kigari, akakibonyeza kwa kidole. Akasema nipite, ila popote gurudumu litakapobomoa ukingo nizibe kwa udongo kabla sijaondoka. Kwa hiyo nilitembea na jembe dogo, nimelilaza pembeni ya mtoto.

Jumatatu saba nilipita pale. Mtoto analala, maji yanatembea ubavuni, nasukuma, nasimama, naziba, nasukuma. Jumatatu ya saba nesi alifungua plasta akaniita niangalie. Nyayo zilikuwa zimeanza kufunguka. Nililia pale pale, na sioni aibu kusema.

Wiki hiyo hiyo kukaitishwa mkutano wa kijiji. Mgeni mkubwa kutoka mkoani anakuja kuona shamba la kijiji, na shamba lenyewe liko huko mbele, unafuata mfereji. Mwenyekiti alikuwa na vitu vya kufikisha huko: kreti za soda, kipaza sauti na betri ya gari ambayo eti haitakiwi kutikiswa. Akasimama, akakohoa. "Ndugu zangu, hapa kijijini kuna chombo cha magurudumu. Kinatumiwa na mtu mmoja." Watu wakageuka kunitazama. "Kijiji cha Ujamaa, chombo kinatumiwa na mtu mmoja. Hiyo tunaiitaje?" Wakajibu kwa pamoja kama wanafunzi wangu: "Ubepari!" Akatabasamu. "Ni siku tatu tu, Mwalimu. Si wewe unayewafundisha watoto wetu siasa? Haya, wanaoafiki wanyooshe mikono."

Nikanyoosha. Naandika hapa ili nisije nikajidai sikunyoosha. Niliogopa kuitwa kabaila mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, basi, hakuna kingine.

Mgeni akaahirisha. Siku tatu zikawa wiki, kigari kimefungiwa ofisini, ufunguo anao mwenyekiti. Jumatatu ya kwanza nilimpakata mtoto, mvua ikanikuta njiani, mikono ikakataa, nikamfunga mgongoni kwa muda kidogo tu. Plasta ya kushoto ikapasuka. Nesi alinikaripia vibaya, akafunga nyingine. Jumatatu ya pili nikaomba mtu wa kupokezana naye kumpakata. Hakuna! Kijiji kizima kiko kwenye msaragambo, kinafyeka njia ya mgeni, na asiyefika anatozwa faini. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikapiga magoti, mimi mwalimu. Akasema mgeni anakuja Alhamisi. Jumatatu ya tatu akasema hivyo hivyo, na Jumatatu zote mbili hospitali sikufika.

Mgeni hakuja. Mpaka leo hajaja! Njia ilifyekwa bure, soda wakanywa wao. Kigari nilikikuta nyuma ya ofisi kimejaa matofali, ekseli imekatika katikati.

Jumatatu ya nne mume wangu alikuwa nyumbani, tukaenda tukipokezana. Daktari akakata plasta, akaigeuza geuza miguu. Wa kulia, akasema, utakaa sawa. Wa kushoto umerudi na umeanza kukaza, sasa unataka kisu, na kisu hicho hapa hakipo. Mwanangu ana miaka hamsini sasa na bado anakanyagia ubavu wa unyayo. Kiatu cha kushoto kinaisha miezi minne kabla ya cha kulia.

Tuliporudi sikuingia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikausukuma mlango kwa mguu. Nilimwita mwenyekiti mwizi. Nikamwita mnyama. Nikamwambia amemlemaza mtoto wangu kwa sababu ya soda. Watu wakajaa dirishani. Yeye akaniacha niseme mpaka pumzi ikaniishia, halafu akafungua daftari la mihtasari na kusoma kwa sauti, pole pole, kama anamsomea mtoto: kigari kitumike kwa shughuli ya kijiji, wajumbe wote wameafiki, isipokuwa mmoja.

"Huyo mmoja ni mama yake!" nikapiga kelele. "Ni mimi!" Wallahi niliamini hivyo wakati nasema.

"Ni mama mkwe wako," akasema. "Nilimfuata kule nyuma, nikamuuliza mara mbili kama ameelewa. Akasema ameelewa vizuri, na mkono wake hanyooshi ng'o. Wewe Mwalimu ulikaa mbele, hukugeuka."

Nikatoka. Sijui hata nani alinipisha mlangoni. Nyumbani nilimkuta mama mkwe amekaa jikoni, mtoto mapajani mwake, ameushika ule mguu wa kushoto kwenye kiganja, anaukanda kwa mafuta ya nazi. Alisogea kidogo tu nipate pa kukaa.

Sikukaa. Nilimpokonya mtoto. Nikamwambia mikono yake ina moshi, asimguse mwanangu. Miaka kumi na minane tuliishi naye nyumba moja baada ya siku ile, nikampikia, nikamfulia, nikamuuguza mpaka tukamzika, na yeye hakuutaja mkutano ule hata mara moja. Mwenyekiti nilishamsamehe. Yeye, ambaye mkono wake ulibaki chini, sikuweza.